Nyuki Wamehamia Kwenye Pikipiki Yangu

Kwa anayenikuta leo katikati ya njia: mimi ni Amosi, mwalimu wa hesabu, mtoto wa Sepuka niliyepangiwa kazi Itigi, mwenye ile pikipiki ndefu ya bei nafuu ambayo wanafunzi wangu wameibatiza jina la Mbuni. Wiki jana niliwaacha sebuleni kwa Mzee Laurenti, baba yake Rebeka, katika kijiji kimoja cha warina asali kwenye barabara ya kwenda Rungwa. Nilikuwa nimekaa kimya pembeni ya baba yangu mdogo Andrea, mshenga wangu, na barua ya posa ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Ndipo mama mmoja akapiga kelele huko nje: "Nyuki!"

Nilitoka mbio. Mambo yote mabaya yaliyonipata mwaka huu yameanzia kwenye pikipiki ile, kwa hiyo miguu yangu ilishajua pa kukimbilia.

Sikukosea. Wingu la nyuki lilikuwa limetanda juu ya Mbuni, linazunguka na kuvuma hadi siti haionekani. Na hawakuwa wanapita. Walikuwa wanaingia, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, kwenye tundu la sanduku langu la mizigo.

Niseme kidogo kuhusu sanduku hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mbuni niliinunua Manyoni kwa sababu mbili. Ya kwanza, kufika shuleni kabla ya kengele. Barabara yetu ni mchanga mtupu, na kila asubuhi boda hulala chali pale kwenye makorongo pamoja na abiria wao. Mbuni ana miguu mirefu na tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, anapita. Ya pili, siku za mapumziko niingie naye porini kutembea tu, nione dunia. Hiyo ya pili hakuna ndugu yangu hata mmoja aliyewahi kuielewa.

"Unaenda porini kufanya nini?" huwa wananiuliza.

"Kutembea."

"Kumfuata nani?"

Basi. Kasoro yake ni kwamba haina pa kuwekea mzigo. Nikamwendea seremala akanitengenezea sanduku la mbao za mninga, likafungwa nyuma ya siti. Nikatoboa tundu dogo la kupitishia waya wa kuchajia simu. Vumbi likawa linaingia kwenye kila mwanya. Siku ya kuja kwenye posa, ndani lilikuwa limebeba blanketi la mama mkwe na koti la baba mkwe, vipya vyote. Baba mdogo Andrea akasema, "Vumbi niachie mimi." Akayeyusha nta aliyotoka nayo Sepuka, akaziba nyufa zote, akapaka na ndani, mpaka sanduku likanukia.

Nilimshukuru sana. Hata nikampa cheo cha fundi.

"Mwalimu, rudi nyuma." Mzee Laurenti alikuwa amenishika mkono. Ni mzee mfupi, mkavu, anayeongea taratibu kama mtu anayehesabu maneno. "Usiwapige. Usipunge mkono. Rudi nyuma."

"Baba, hiyo ndiyo pikipiki yangu."

"Naiona."

Nyuma yangu nilisikia kishindo. Baba mdogo alikuwa anakuja na mwenge wa nyasi kavu unaowaka, macho yamemtoka.

"Pisheni! Nyuki dawa yake moshi!"

"Andrea!" Mzee Laurenti alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Unapeleka moto kwenye tangi la petroli?"

Baba mdogo alisimama. Aliuangalia mwenge, akaliangalia tangi, halafu akautupa mwenge kwenye kuni za Mama Rebeka. Ilibidi wanawake wakimbilie ndoo za maji. Hapo bado hatujamaliza hata salamu za posa.

Moto ulipozimwa, mzee aliizunguka pikipiki kwa mbali, mikono nyuma. Akasogea upande upepo unakotoka. Akanusa.

"Nani amepaka nta hii?"

Baba mdogo alikuwa akitafuta nafasi ya kusifiwa tangu tufike. "Mimi, mzee mwenzangu! Nta safi kabisa. Nimepaka nje na ndani."

Nilitamani kumkanyaga mguu, lakini nilikuwa mbali.

Mzee Laurenti alitikisa kichwa polepole. Akawaita majirani wawili, warina asali wenzake, nao wakaangalia, wakanusa, wakatazamana. Tukarudishwa sebuleni. Safari hii hatukupewa vile vigoda vya heshima vya mwanzo. Tulipewa benchi.

"Sanduku la mninga," mzee alianza. "Giza ndani. Tundu la kuingia kidole. Nta nje na ndani. Limenyanyuliwa juu ya ardhi kimo cha mbuzi. Wewe Andrea, kwenu hicho mnakiita nini?"

"Sanduku," alijibu baba mdogo.

"Hapa tunakiita mzinga. Na kuuleta mzinga uliopakwa nta kwenye eneo la mtu, wakati nyuki wanahama, bila kumwomba, hapa tunaita kutega. Aliyetega kwa mwenzake anaitwa mwizi."

Mmoja wa majirani akaongezea, "Tena siku hiyo hiyo amekuja kuomba mtoto."

Miezi yote niliyompenda Rebeka, maneno yote niliyoyapanga, na sasa naitwa mwizi wa nyuki. Mimi, ambaye nikiona nyuki mmoja darasani natoka nje na chaki mkononi!

Nilifungua mdomo. Baba mdogo akanifinya paja. Ni kweli, siku ya posa muoaji hana mdomo. Anakaa, anainamisha kichwa, mshenga ndiye anayesema. Kijana anayejisemea mbele ya wakwe anaonekana hana watu. Nikaufunga.

"Wazee wangu," alisema baba mdogo, "lile tundu ni la waya wa simu."

Wazee walicheka. Hawakucheka kwa furaha.

"Waya wa simu," mzee alirudia. "Nyuki nao wanachaji?"

"Haki ya Mungu! Simu ya kijana imo ndani hadi sasa hivi. Njooni niwathibitishie."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kweli, zawadi tulizishusha, simu nikaisahau ndani.

Tukatoka wote tena. Baba mdogo akatoa simu yake, akapiga namba yangu. Kimya. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka. Akapiga tena. Akalisogelea sanduku, akalisogelea zaidi, akatega sikio karibu kabisa na tundu.

"Andrea, hapo umefika mbali," mzee alimwonya.

"Subirini, inaita!"

Ikaita. Kutoka tumboni mwa sanduku ukasikika wimbo wa kwaya yetu ya Itigi, kwa sauti ya juu, na simu ikatetemeka kwenye ubao. Nyuki waliokuwa wanaingia kwa adabu wakabadilika. Mvumo ukapanda.

"Mnasikia?" baba mdogo aliwageukia wazee kwa ushindi. "Mnasikia wenyewe kwamba—"

Hakumaliza. Alidungwa mdomoni, mara ya kwanza juu, mara ya pili chini. Alikimbia akizunguka banda la kuku, kofia huku, simu kule, na mimi nikimkimbilia na taulo. Tulipomkalisha chini ya ukuta, mdomo ulikuwa umeshaanza kuvimba. Alijaribu kuniambia kitu kwa Kinyaturu, nikaambulia jina langu tu.

Lakini amini usiamini, tulikuwa tumeshinda. Mzee Laurenti aliamua kwa haki. "Simu imo," alisema. "Waya upo, nimeuona. Kijana hakutega kwa kukusudia. Ni mjinga, si mwizi."

Sijawahi kufurahia kuitwa mjinga kama siku ile.

Nilimwona Rebeka mlangoni mwa jiko, kanga kichwani, amejifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa anacheka. Mabega yalikuwa yanamcheza. Nikajua mambo yangu bado mazima.

Niwakumbushe kidogo Rebeka ni nani, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Ni nesi kwenye zahanati iliyo mbali zaidi kuliko shule yangu, barabara hiyo hiyo. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Tukioana tunakaa Itigi. Asubuhi tunatoka wote na Mbuni, mimi nashuka shuleni, yeye anaendelea nayo hadi zahanati, jioni ananipitia. Ndiyo, anaiendesha. Nilimfundisha mwenyewe likizo iliyopita kwenye uwanja wa mpira. Siti ile inamfika kifuani, anaipanda kwa kuilaza kidogo, na kwenye mchanga ananishinda. Kabla ya Mbuni alikuwa analala kwenye chumba cha zahanati wiki nzima, au anaombaomba lifti kwa madereva wa malori ya mbao. Ndiyo maana aliponikubali alisema, "Mwalimu, nimekukubali wewe na miguu ya huyo Mbuni."

Baba yake hakujua. Kwa jinsi mzee alivyokuwa akisema kuhusu wanawake na pikipiki, tulikubaliana asijue mpaka pete iwe kidoleni.

Tukarudi sebuleni mara ya tatu. Vigoda vikarudi. Soda zikafunguliwa. Kilichobaki kilikuwa kupatana mahari, na hapo tatizo likajitokeza lenyewe: mshenga wangu hakuwa na mdomo. Yaani alikuwa nao mwingi kuliko kawaida, lakini hautoi neno.

"Andrea, tuendelee?" aliuliza mzee.

"Mbwuu," alisema baba mdogo.

Wazee walishauriana. Hatimaye mzee akasema, "Haijawahi kutokea hapa. Lakini watu wametoka mbali. Mwalimu, leo utajisemea mwenyewe."

Mngenishauri nini? Nilikuwa nimejiandaa kuinamisha kichwa, sikujiandaa kujibu.

"Sikiliza, mwanangu," mzee alisema, na hilo neno mwanangu likanilainisha kabisa. "Baba yangu alimuoa mama yangu kwa mizinga. Mimi nilimuoa mama yako huyu kwa mizinga. Sasa hivi vijana wanatuletea bahasha. Bahasha ukiiweka juani haitoi asali."

"Kweli baba."

"Nyuki waliojihamishia wenyewe hatuwafukuzi. Hilo mimi siwezi kulifanya, na aliyewafukuza siwezi kumkalisha mezani kwangu. Wamekuja siku ya posa, wameingia kwenye chombo chako, juu ya ardhi yangu. Miaka yangu yote sijaona jambo kama hili. Mimi nasema mahari imejileta yenyewe. Bahasha rudi nayo. Niachie mzinga wangu, umchukue mwanangu."

"Mzinga, baba, yaani sanduku?"

"Sanduku limefungwa kwenye chuma. Nyuki wameshashika. Ukiling'oa leo wanaondoka wote. Liache lilivyo, na kilicholibeba."

"Na pikipiki."

"Na kilicholibeba," mzee alirudia.

Baba mdogo alinishika mkono. Alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, na mdomo wake uliovimba ukifuata kwa kuchelewa kidogo. Sikujua kama anasema kubali au anasema kataa. Mpaka leo anadai alikuwa anasema, "Omba muda." Angekuwa na mdomo angeomba muda. Mshenga yeyote mwenye akili huomba muda, na ndiyo sababu muoaji hanyamazishwi bure.

Mimi niliona mbele yangu mizani: chuma upande mmoja, Rebeka upande wa pili. Nilijiona shujaa. Nilisimama, nikatoa ufunguo mfukoni.

"Baba, kwa ajili ya Rebeka, nakupa kwa moyo mweupe."

Majirani waligonga miguu chini. Ufunguo ukawekwa kwenye sinia, ukafunikwa kitambaa cheupe, na shangazi yake Rebeka akalibeba sinia kuelekea kwa wanawake ili mama auone na apokee. Mzee Laurenti alinishika kichwa akanibariki. Vigelegele vikaanza jikoni, vikapanda vizuri, nami macho yakanilowa.

Halafu vikakatika. Si kwamba viliisha. Vilikatika katikati.

Tukasubiri. Nilisikia sauti ya mama yake, ya chini, kama anambembeleza mtu. Nikasikia sufuria ikibamizwa chini. Kisha Rebeka akaingia sebuleni kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo siku ile hakuruhusiwa. Kanga ilikuwa imefungwa kiunoni. Mkononi alikuwa na ufunguo.

Alipiga goti, akawaamkia wazee mmoja mmoja. "Shikamoo baba." "Marahaba." Aliwaamkia hadi majirani. Baba mdogo aliitika kwa mkono. Ndipo akanigeukia.

"Mwalimu, huu nimeukuta kwenye sinia."

"Rebeka," nilisema, "baba amekubali. Tumemaliza."

"Mmemaliza nani na nani?"

"Mimi nimetoa, yeye amepokea."

"Jumatatu nafikaje zahanati?"

Swali dogo namna hiyo. Mimi ni mwalimu wa hesabu na sikuwa nimelipiga. Nilisimama na soda yangu mkononi, nikiuona mpango wetu wote, asubuhi na jioni, ukiwa umeegeshwa huko nje kwa nyuki.

"Tutatafuta njia," nilisema. "Nilikuwa nakuchagua wewe."

"Umenichagua kwa kutoa kitu ambacho nusu ni changu. Baba amenitoa mimi, wewe umetoa pikipiki, mmepeana mikono. Na mimi nilikuwa hapo jikoni, hatua kumi kutoka kwenye sinia. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

"Rebeka," baba yake aliingilia, "nusu yako imetoka wapi? Wewe na pikipiki wapi na wapi?"

Kofia yangu ngumu ilikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Rebeka akaichukua na kutoka.

Tulipofika nje, wazee na mimi muoaji, jua lilikuwa limeinama na nyuki karibu wote walikuwa wameshaingia ndani. Rebeka alikuwa anatembea kuelekea Mbuni taratibu, bila kupunga mkono, kama mtu anayekwenda kumwamsha mtoto.

"Rebeka! Watakuua!" nilipiga kelele.

"Usipige kelele, Mwalimu, utawaamsha," alisema bila kugeuka. "Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nyuki aliyehama ameshiba, hana ugomvi mpaka umtikise kwa wimbo wa kwaya."

Akachana pindo la kanga yake, akalisokota, akaliziba nalo tundu la sanduku polepole. Nyuki wachache waliobaki nje walimtembea mkononi. Hakuwafukuza. Akaondoa lile kopo bapa ninaloweka chini ya stendi isizame mchangani. Akailaza Mbuni kidogo, akapanda. Akavaa kofia.

Mzee Laurenti alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Mwanangu, shuka. Huo ni mzinga wangu."

"Nautunza, baba," alijibu. "Mkishaelewana nani kampa nani nini, mtanitafuta. Mje na lile swali ambalo hamkuniuliza."

Alipiga kiki moja tu. Mimi huwa napiga sita. Mbuni akaunguruma, akauvuka mchanga wa uani bila kuyumba, akapita katikati ya mbuzi na kuku, akashika barabara. Nilingoja akunje kulia kwenda Itigi. Alikunja kushoto, upande wa Rungwa, ambako mbele ni pori la hifadhi tu, na mimi ndiye niliyejua kwamba petroli iliyobaki tangini haitoshi kwenda popote huko.

Nilianza kukimbia. Mkono mkavu ukanishika kola.

Mzee Laurenti hakuwa anaitazama barabara tena. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mwalimu," aliuliza, taratibu, kama mtu anayehesabu maneno, "ni nani amemfundisha binti yangu kuendesha ile pikipiki?"

Nilimgeukia mshenga wangu, ambaye alikuja toka Sepuka kwa kazi moja tu, ya kunijibia. Alikuwa ameketi chini ya ukuta, ameushika mdomo wake kwa mikono miwili.